Moja ya Kupasua

Mama aliwaambia wenzake wa kwaya kwamba nitawatengenezea amplifaya kabla hajaniuliza kama naweza. Habari hizo nilizipata njiani, kwa mama mmoja wa sauti ya pili aliyekuwa anapandisha kilima na mkungu wa ndizi kichwani. Alisimama, akaushika mkungu kwa mkono mmoja, akanishika mkono kwa ule mwingine.

"Ndaga fijo, mwanangu," alisema. "Mungu akuongezee akili."

Nikamwitikia kwa heshima, nikaendelea na safari. Hatua kama ishirini mbele ndipo nilipojiuliza ameshukuru nini.

Nyumbani nilimkuta mama anamenya ndizi, beseni miguuni.

"Mama, umewaambia nini akina mama wa kwaya?"

"Kwamba mwanangu ana digrii ya mambo ya umeme."

"Halafu?"

"Halafu nikawaambia amplifaya ni umeme." Aliitupa ndizi kwenye beseni, akachukua nyingine. "Nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea popote, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimerudi Kisondela mwaka uliotangulia nikiwa na shahada ya elektroniki, bahasha ya nakala za vyeti, na barua za maombi ya kazi ambazo nilizisoma mara saba kila moja kabla ya kuzituma, na mara nyingine saba baada ya kuzituma, nikitafuta kosa. Siku tatu kwa wiki nilifanya kibarua kwenye kituo cha kukusanyia parachichi, kupanga matunda kwa uzito na ukubwa. Siku zilizobaki nilifikiri. Nina kipaji cha kufikiri. Naweza kusimama mbele ya sabuni mbili dukani hadi muuzaji anifungie zote na kunisindikiza mlangoni.

Amplifaya ya zamani ilikufa siku ya Pasaka, katikati ya wimbo. Ilitoa moshi mwembamba na harufu ya nywele zilizoungua, kisha kanisa likabaki na sauti za watu tu. Sauti za watu zingetosha mahali pengine. Kwetu hazitoshi, kwa sababu kanisa letu limeezekwa bati tupu, halina dari, na mvua ya Rungwe ikianza kulipiga, hata ukipiga kelele jirani yako ataona midomo tu. Mchungaji huwa anangoja. Kwaya huwa inangoja. Kuna Jumapili tuliwahi kukaa kimya nusu ibada tukitazamana kama watu walioko kituo cha mabasi.

Spika zilipona, na kupona kwake kulikuwa bahati. Zilikuwa mbili, ndefu, nyeusi, zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa na akina mama wenyewe kama makochi ya sebuleni. Kwaya ilizinunua baada ya misimu kadhaa ya kuuza ndizi na parachichi za shamba la kwaya, na hela yote ikaishia hapo. Sikukuu ya mavuno ilikuwa wiki tano mbele. Mwenye ukumbi mmoja mjini Tukuyu alikuwa ameahidi kutuazima amplifaya yake kwa siku hiyo, lakini mama, baada ya kutangaza habari zangu, alimtumia ujumbe kwamba tunashukuru, haitahitajika tena.

Kwa hiyo mlango ule ulikuwa umefungwa, na funguo alikuwa nazo mama, naye alikuwa anamenya ndizi.

Nilichukua maiti ya amplifaya ile kanisani nikaifungua mezani. Kasha lilikuwa zima. Transfoma ilikuwa nzima, nzito kama jiwe la kusagia. Vingine nilivitoa nikaanza upya. Wiki ya kwanza nilichora sakiti, nikatengeneza bodi, nikalehemu vipande vidogo, na nakiri nilikuwa na furaha. Kazi ya mikono hupunguza kelele kichwani mwangu. Nilikuwa naimba huku nalehemu. Mama alipita dirishani akasema, "Eti alikuwa hawezi."

Kisha nikafika kwenye transista za mwisho.

Nizieleze kidogo. Ndani ya amplifaya kuna vipande vingi vidogo vinavyoandaa sauti, lakini mwishoni kabisa kuna vichache vikubwa vinavyobeba mzigo wenyewe na kuusukuma hadi kwenye spika. Hizo ndizo transista za pawa. Kwangu zilihitajika nne, mbili za kusukuma na mbili za kuvuta. Zikiwa nzuri, husikii habari zake. Zikiwa mbovu, hazifi kwa adabu. Huwa zinaungana ndani, na umeme wote wa transfoma unakwenda moja kwa moja kwenye spika, koili ya spika inaungua kwa muda wa mtu kusema "amina." Fyuzi ikiwahi, umepona. Isipowahi, misimu ile yote ya ndizi na parachichi imekwenda, na aliyesema mwanangu anaweza ni mama, kwa mdomo wake, mbele ya sauti zote nne.

Nikafungua daftari jipya.

Daftari lile ninalo hadi leo, na kulisoma kunanichekesha. Ukurasa wa kwanza kuna transista za chuma, zile za zamani zenye umbo la kofia, ambazo mafundi wote wanazijua kwa namba yake, thelathini, hamsini na tano. Nilizipenda sana. Ni ngumu, zinavumilia, unaziona zikiwa kwenye redio za wazee zikifanya kazi tangu kabla sijazaliwa. Lakini zinastahimili volti sitini, na transfoma yangu ilikuwa inatoa jumla ya sabini. Ukurasa wa pili kuna nyeusi, pana, za plastiki, ambazo zinastahimili volti hizo mara tatu na zaidi. Kwa karatasi zilikuwa zinafaa kabisa. Tatizo ni kwamba nyeusi ndizo zinazoigwa kuliko zote. Mtu huko duniani huchukua kitransista dhaifu, akakivalisha koti kubwa jeusi, akaandika namba ya heshima, nacho kikasafiri hadi kwetu. Kwa nje huwezi kujua.

Kurasa zilizofuata ni mimi nikibishana na mimi. Nipunguze volti nitumie za chuma? Sauti haitashinda mvua. Nitumie nyeusi? Je, ni za kweli? Nitumie nyeusi kwa volti ndogo? Basi kwa nini nisitumie za chuma? Kuna ukurasa mmoja nimeandika "AMUA" kwa herufi kubwa, nikapigia mstari, na chini yake nimeanza jedwali jingine.

"Umeshachagua?" mama aliuliza wakati wa chakula.

"Bado nalinganisha."

"Baba yako alinilinganisha na wenzangu siku mbili tu, akamaliza."

"Mama, hizi zikikosewa zinaunguza spika."

"Hata mimi angenikosea ningemuunguza," alisema, akaniongezea mboga.

Wiki tatu zikiwa zimebaki, nilipanda bodaboda kwenda Tukuyu kwa fundi redio. Kibanda chake kiko nyuma ya soko, kati ya wauza miche na mshona viatu, na yeye ni mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwa nimewahi kuiona ikivuliwa. Ana makopo ya maziwa kama ishirini yaliyojaa vipuri, hayana maandishi, na huyajua kwa kutu yake.

"Karibu, injinia," alisema. "Leo umekuja kununua au kusoma?"

Nilikuwa nimekuja mara mbili wiki ile na kuondoka na maelezo tu.

"Kununua."

"Mshukuru Mungu, jamani," alimwambia mshona viatu. "Injinia leo ananunua."

"Anunue na viatu," mshona viatu alijibu bila kuinua macho.

Nilimweleza shida yangu, volti, mzigo, na ukubwa wa kanisa. Alisikiliza huku anakwaruza bodi ya redio kwa bisibisi. Kisha akachomoa pakiti ya plastiki yenye transista sita nyeusi, mpya, zinang'aa, maandishi meupe yamenyooka.

"Hizi hapa. Zimeshuka juzi kutoka Mbeya."

"Ni za kweli?"

"Zina maandishi."

"Nitajuaje kama ni za kweli, fundi?"

"Zikiungua utajua."

Mshona viatu alicheka hadi sindano ikamtoka. Fundi naye alicheka, lakini alipoona sicheki akatulia. "Sikiliza, dada. Mimi nauza ninacholetewa. Wengine wanarudi, wengine hawarudi. Asiyerudi nahesabu ameridhika."

Nikazichukua zote sita. Nilikwenda nazo nyumbani nimezifunga kwenye leso, mkono mfukoni njia nzima kama mtu aliyebeba mayai.

Kwa siku nne nilizipima kwa kila njia niliyoijua. Mita ilisema ni transista. Kituoni, wakati wa mapumziko, nilizipima kwenye mizani ya parachichi, kwa sababu nilisoma kwamba za bandia huwa nyepesi, msimamizi akaniuliza kama hizo nazo zinakwenda ng'ambo. Uzito ulikuwa mdogo kidogo kuliko ulioandikwa kwenye karatasi. Kidogo. Je, kidogo hicho ni uongo au ni mizani? Nikaandika hoja kumi na moja upande wa kuzitumia na kumi na moja upande wa kutozitumia. Nilizihesabu mara mbili.

Kulikuwa na njia moja ya uhakika, na nilikuwa naijua tangu mwanzo. Ukiivunja transista, ndani utaona kipande cha silikoni kilicholazwa kwenye bamba la shaba, na ukubwa wa kipande hicho hausemi uongo. Kwa transista ya kubeba mzigo wangu kilipaswa kuwa kikubwa, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Lakini ukishaivunja umeipoteza. Nilikuwa na sita na nilihitaji nne. Je, kama ni za kweli zote? Nitakuwa nimeua nzima. Je, kama niliyoivunja ni ya bandia na zilizobaki ni za kweli? Ningejua nini? Nilimweleza mama haya yote jioni moja kabla giza halijaingia, tumekaa kwenye ngazi ya mlango, transista zimepangwa mbele yetu kama samaki wa kuuza.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halimtokei mara nyingi.

"Wanunuzi wa parachichi wakija hapa wanafanya nini?" aliuliza.

Alikuwa anamuuliza mtu anayefanya kibarua kwenye kituo cha parachichi. Parachichi ya kusafirishwa ni ya kijani ikiwa changa na ni ya kijani ikiwa imekomaa. Ngozi haikwambii kitu. Kwa hiyo mnunuzi huchuma moja kutoka kwenye mti, anaipasua, na kutazama ngozi nyembamba ya kokwa. Ikiwa nyeupe na laini, mti unaachwa. Ikiwa imekuwa kahawia na kukauka, mti unachumwa wote. Kila msimu mama hunung'unika kuhusu parachichi ile moja, na kila msimu huchagua mwenyewe tunda na kuwapa kisu.

"Wanapasua moja," nilisema.

"Mimi huwa nawakatalia?"

"Unanung'unika."

"Nanung'unika, halafu nawapa kisu. Siku nitakayowakatalia moja, zitaniozea juu ya mti zote." Alinyoosha mkono. "Lete nyundo."

"Mama, tungoje kwanza nipime tena—"

"Gwe mwana. Lete nyundo."

Nikaleta nyundo. Aliipitisha mikono juu ya zile sita, akachagua ya tatu kutoka kushoto kwa sababu anazozijua yeye, akailaza kwenye jiwe la ngazi na kuipiga mara moja, kwa kipimo, jinsi anavyopasua karanga ngumu. Plastiki nyeusi ilipasuka vipande viwili. Nilikipeleka kipande chenye shaba karibu na macho.

Katikati ya bamba lile pana la shaba, peke yake kama mtu aliyepotea uwanjani, kulikuwa na kichembe cha silikoni. Nilikiweka kwenye kiganja cha mama.

"Ndicho hiki?" alisema. "Mbona ni punje ya ulezi."

"Ndicho hicho."

"Na hiki ndicho kingebeba sauti ya kanisa zima?"

Nilitegemea nitalia, kwa sababu wiki mbili na siku chache zilibaki na sikuwa na transista. Badala yake nilianza kucheka. Nilicheka kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu Pasaka nilikuwa na jambo moja ambalo halikuwa na upande wa pili. Mama naye akaanza, na tukapasua zilizobaki zote tano, zamu kwa zamu, yeye moja mimi moja. Zote zilikuwa ulezi.

Kesho yake niliweka zile punje sita kwenye bahasha ya barua ya maombi ya kazi, nikazipeleka kwa fundi. Sikwenda kugombana. Sijui kugombana, ningeanza kufikiria upande wake. Nilizimwaga tu mbele yake juu ya gazeti, pamoja na makoti yake meusi.

Aliigeuza punje moja kwa ncha ya bisibisi. Kisha akachukua transista nyeusi kutoka kopo jingine, akaibana kwenye jiliwa, akaivunja kwa koleo. Ulezi. Akachukua nyingine kutoka pakiti nyingine. Ulezi. Ya tatu kutoka kwenye pakiti ambayo haikuwa imefunguliwa. Ulezi.

"Mwenzangu," alimwambia mshona viatu taratibu, "nimekuwa nauza ulezi."

"Mwambie mama watoto apike uji," mshona viatu alisema.

Fundi alivuta kofia yake hadi karibu na macho. Nadhani aliona aibu, na mimi nikaanza kumwonea huruma, nikawa natafuta maneno ya kumtetea mbele yake mwenyewe. Lakini alikuwa ameshainama chini ya meza. Alitoka na kopo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, la bati la biskuti, limefungwa na mpira wa tairi ya baiskeli.

"Hizi si za kuuza," alisema. "Nilizitoa kwenye amplifaya ya ukumbi, mashine ya zamani ya kazi kweli. Nimeziweka kwa ajili ya mashine yangu mwenyewe nitakayotengeneza siku moja. Miaka sasa. Kila mwaka nasema mwaka huu."

Ndani ya pamba kulikuwa na transista tano nyeusi. Hazikung'aa. Migongo yake ilikuwa na utando mkavu wa ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, na miguu ilikuwa mifupi, imekatwa na kulehemiwa zamani. Alizipima moja moja kwa mita. Nne zilikuwa nzima. Ya tano ilikuwa imeungana ndani, imekufa.

"Nne ni zako, injinia," alisema.

Mdomo wangu ulitaka kusema asante, kichwa changu kikasema: je, hizi nazo? Alikisikia kichwa changu. Aliichukua ile iliyokufa akanipa pamoja na koleo.

"Pasua. Hii haina cha kupoteza. Wote walitoka tumbo moja."

Niliipasua mwenyewe. Ndani, juu ya shaba, kulikuwa na kipande cha mraba kikubwa kama ukucha wangu wa mwisho, kimeungua pembe moja, kinang'aa kama kioo. Fundi alikipitisha kwa mshona viatu, mshona viatu akakipitisha kwa muuza miche, na muuza miche, ambaye hakujua anatazama nini, alisema ni kizuri.

"Nitakulipaje?" niliuliza.

"Sikukuu ya mavuno watu wanapeleka nini madhabahuni?"

"Ndizi. Mahindi. Kuku. Majani ya chai."

"Kila mtu alichovuna. Mimi shamba langu ni hili," alisema, akapiga meza kwa kiganja. "Hiyo ni sadaka yangu. Ila usimwambie mchungaji nilikuwa nimeificha."

Nilizilinganisha zile nne mchana kutwa. Hazikuwa sawa kabisa. Mbili zilikuza umeme zaidi ya nyingine, kwa hiyo nilizipanga kila moja na inayoikaribia, na nikaweka vipingamizi vidogo vya kuzifanya zigawane mzigo. Nilizifunga kwenye bapa la alumini lenye mapezi, ambalo ndilo linalozipoza, vipande vyembamba vya mika chini yake vya kuzuia umeme, na dawa nyeupe mpya. Nilipoiwasha amplifaya mara ya kwanza niliipitishia umeme kwenye balbu ya kawaida, ili kama kuna kosa balbu iwake badala ya transista kuungua. Balbu iliwaka kidogo, ikafifia, ikazima. Hivyo ndivyo inavyopaswa. Niliiwasha na kuizima mara nane ili nione inazima.

Spika za kanisa sikuthubutu kuziunganisha. Badala yake niliunganisha waya wa jiko la umeme lililoharibika, nikauzamisha kwenye jagi la maji ili usiungue, nikapiga mazoezi ya kwaya niliyoyarekodi kwenye simu. Waya hauna sauti. Unapata moto tu. Nilikaa mbele ya jagi saa nzima nikiitazama kwaya ikiimba kimya ndani ya maji.

Mama alikuja na kanga kichwani. "Inaimba?"

"Inaimba, mama. Weka mkono."

Aliingiza kidole. Maji yalikuwa na joto la kuoga mtoto. "Hiyo ni sauti ya tatu," alisema. "Huwa wanapayuka."

Siku tatu mfululizo niliipima hivyo, na siku tatu mama alinawa miguu kwa maji ya kwaya.

Sikukuu ya mavuno ilianza kwa jua, jambo ambalo kwetu ni la kutilia shaka. Kanisa lilijaa. Chini ya madhabahu kulikuwa na mikungu ya ndizi, maboga, magunia, jogoo aliyefungwa miguu ambaye aliitikia kila sala, na vikapu vya parachichi ambavyo bila kutaka nilivipanga kwa ukubwa kichwani. Fundi alikuwa amekuja, amekaa benchi la nyuma, na kwa mara ya kwanza niliziona nywele zake. Nilikaa pembeni mbele, kwenye kiti cha plastiki, amplifaya miguuni, spika mbili zenye vitambaa vyake pande zote mbili za kwaya. Niliiwasha. Spika zikatoa mshindo mdogo kama mtu aliyekohoa kwa adabu, kisha kimya safi. Niliweka kitufe cha sauti robo, nikasali.

Wimbo wa kwanza ulipita vizuri. Wimbo wa pili ulikuwa kwenye ubeti wa kwanza mvua ilipoanza. Kwanza matone, kama mtu anayemwaga mahindi juani. Halafu ikaja yote. Bati likanguruma. Niliona watu wa mabenchi ya nyuma wakiinamisha vichwa kama kawaida yao, wakijiandaa kungoja, na kiongozi wa kwaya akashusha mkono, kwa sababu kwa miaka yote mvua ikija kwaya huacha.

Mama, safu ya mbele, hakuacha. Alikuwa ananitazama. Alinyanyua kidevu mara moja, juu, jinsi anavyomwonyesha mtu aende kuchota maji.

Nilifikiria transista nne. Nilifikiria koili za spika. Nilifikiria kwamba robo inatosha, kwamba tungeweza kungoja, kwamba nusu labda, nikiongeza taratibu. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye mapezi ya alumini. Yalikuwa ya moto, lakini moto wa kikombe cha chai, si wa jiko. Nikazungusha kitufe hadi nusu. Mvua ikazidi. Mama akanyanyua kidevu tena.

Nikakizungusha hadi mwisho.

Sauti za akina mama zilitoka kwenye zile spika kama mlango uliofunguliwa kwa bega. Hazikushindana na mvua. Zilipanda juu yake zikatembea. Niliona vichwa vya nyuma vikiinuka kimoja kimoja. Bibi mmoja wa benchi la mwisho alisimama na kutazama juu kwenye bati, kisha kwaya, kisha bati. Kigelegele kikatoka upande wa akina mama, kikajibiwa upande wa pili, na kiongozi wa kwaya, aliyekuwa amesahau kuongoza, akaanza kurusha mikono yote miwili. Walirudia wimbo ule mara tatu. Mapezi yalipata moto zaidi, nikayapima kwa kidole kila baada ya ubeti, na kila mara niliweza kukiacha kidole hadi nihesabu tano. Transista hazikusema lolote.

Kisha mchungaji akasimama. Mvua bado ilikuwa inapiga kwa nguvu zake zote, na kwa kawaida mvua ya namna ile humfanya aseme maneno machache na kutubariki. Alishika maiki, akasema "Bwana asifiwe," akasikia sauti yake mwenyewe ikifika hadi mlangoni na kurudi. Akatabasamu. Akafungua daftari lake upya, akasema mahubiri haya aliyaandaa msimu uliopita, yana sehemu saba.

Mzee wa kanisa aliyekaa karibu nami aliniinamia. "Binti," alinong'ona, "mvua ilikuwa inatusaidia."

Nakumbuka sehemu ya kwanza, iliyohusu mpanzi. Nakumbuka kidogo ya pili. Kidole changu kilikuwa kwenye alumini yenye joto, mvua ilikuwa juu, sauti ilikuwa inatoka pande zote mbili bila mkwaruzo, na kichwani mwangu, nilipotafuta jambo la kuhofia, sikulipata. Nikalala. Nililala nikiwa nimekaa mbele ya kanisa zima, mdomo wazi, kwa mujibu wa mashahidi wengi. Mama alinigusa bega wakati watu wanasimama kwa baraka.

Nje, chini ya upenu, akina mama walimzunguka wakimpongeza, na yeye alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

"Mmemwona?" alikuwa anawaambia. "Ameniaibisha. Wiki tano halali, analala mbele ya mchungaji."

Lakini mabega yalikuwa yanatikisika, na aliponiona alishindwa kujizuia, akacheka hadi akamshika mwenzake ili asianguke kwenye matope.